Tulipowalipa Watu Wasilime

Vijana wangu mnaoanza kazi ya ugani, ninyi mnaopita na pikipiki huku ramani ziko kwenye simu, nitegeeni sikio kidogo. Sisi kuna kipindi kazi yetu ilikuwa kuwalipa watu wasilime. Msicheke, nasema kweli. Ilikuwa miaka ya tisini. Ushirika umelegea, wanunuzi binafsi wa pamba wanagombania wakulima barabarani, ruzuku ya mbolea imeondolewa, na kila mtumishi wa serikali anaamka asubuhi akijiuliza kama leo ndiyo siku yake ya kupunguzwa kazini. Katikati ya hayo ukaletwa mpango wa kutunza ukingo wa ziwa. Mkulima mwenye shamba linalogusa maji anaacha kulima kipande cha chini, anapanda miti na majani ya mabingobingo pembezoni ili udongo usiteremke ziwani, na serikali inampa bando la mabati na toroli. Masharti yalikuwa magumu. Misimu miwili ya mvua bila jembe, bila ng'ombe, bila panga kugusa hata jani moja, halafu mkaguzi anakuja kuangalia.

Mimi nilipewa vijiji vya ng'ambo, upande wa pili wa kivuko cha Kamanga. Kila wiki navuka na kivuko, na kila nikivuka nahesabu maboya ya kuokolea. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utoto. Mke wangu hunitania kwamba siku nikikosa jambo la kuhofia, nahofia kwa nini sina hofu. Basi kazi ile ilinifaa, maana hofu zilikuwa za kuchagua.

Hofu ya kwanza ilikuwa watu watanionaje. Katika mkutano wangu wa kwanza nilieleza mpango mpaka jasho likanitoka, nikadhani nimeeleweka. Mzee mmoja akasimama.

"Bwana Shamba, mbolea mmetunyang'anya, sivyo?"

"Imeondolewa, mzee."

"Nikilima, hunisaidii. Nikiacha kulima, unanipa bati."

"Ndiyo, mzee, lakini ni kwa ajili ya udongo..."

"Haya. Na ugali tutasonga kwa bati?"

Ukumbi mzima ukacheka, nami nikacheka nao kwa kukosa la kufanya. Ila siku ile ile walijiandikisha wakulima kadhaa, kwa sababu bati ni bati. Nyumba za kule nyingi zilikuwa za nyasi, na mvua za ziwa mnazijua.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bi. Zainabu, bibi shamba aliyekaa kazini miaka mingi kuliko sisi wote ofisini. Mzaliwa wa Kirumba, pale mjini, baba fundi cherehani, mama Mkerewe, na yeye mwenyewe alikuwa anavaa buti za mvua hata kiangazi. Alinifundisha kutengeneza fremu ya kupimia kontua, mistari ya usawa kwenye mteremko, ile fremu ya miti mitatu iliyofungwa, na uzi wenye jiwe unaoning'inia katikati. Alinifundisha kwamba jiwe likiwa jepesi, upepo wa ziwa utakupangia matuta upendavyo wenyewe. Na zaidi alinifundisha kukagua. "Mche usiutazame," alikuwa akisema. "Uvute kidogo."

Siku moja tulikwenda karibu na Kisesa kwa mkulima aliyetupokea kwa soda. Bi. Zainabu alipoziona chupa akaninong'oneza, "Hapa tumekuja kudanganywa." Tukapelekwa shambani. Miche imesimama mistari kama wanafunzi wa gwaride, mibichi, inapendeza. Mimi tayari nilikuwa naandika "vizuri sana". Bi. Zainabu akainama, akavuta mmoja, ukatoka bila kubisha. Lilikuwa tawi la mwarobaini, limekatwa panga asubuhi hiyo.

"Mzee," akamwambia, "mti wako umekuja bila viatu."

Yule mzee hakuona aibu hata kidogo. Akasema, "Mama, mizizi iko njiani."

Bi. Zainabu alicheka mpaka akashika kiuno, akampa msimu mmoja zaidi, na mzee akapanda kweli. Tangu hapo nikajua kukagua saa za jua kali, kwa sababu tawi lililochomekwa huanza kunyong'onyea mchana, hata likimwagiliwa vipi. Nanyi fanyeni hivyo. Ukaguzi wa asubuhi unawapendelea waongo.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Bi. Zainabu hakunifundisha, kwa kuwa naye, mtoto wa mjini, hakulijua. Mimi natoka Bukoba. Kwetu kibanja, shamba la migomba la ukoo, ni kibanja. Mwenyewe aende Kampala, akae huko mpaka azeeke, migomba itabaki imesimama ikimsemea. Sikufikiri kwamba pengine ardhi husemewa na jembe peke yake. Katika kijiji kimoja cha ng'ambo, shamba lisipolimwa msimu mmoja, watu wanaangalia. Lisipolimwa msimu wa pili, wanaanza kuliita pori. Na pori ni la kijiji, na la kijiji uongozi unaweza kumpa mwingine. Sasa nimefika mimi na mabati yangu, nawaambia watu waache kulima misimu miwili.

Mtu wa kwanza kunikubalia katika kijiji hicho alikuwa mjane mmoja, watu wakimwita Mama Kabula. Mumewe alikuwa amefariki karibuni, binti yake Kabula ameolewa mbali, na mwanawe wa kiume yuko machimboni Geita, haji wala hatumi salamu. Alikuwa na shamba moja tu, linaanzia nyumbani kwake na kuteremka mpaka majini. Nusu ya chini ndiyo nzuri, ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Na ndiyo iliyokuwa inakatika vipande vikubwa kila mvua ikinyesha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Bwana Shamba. Leo umetuletea nini?"

Nikamweleza. Akasikiliza huku anapepeta mtama, hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza swali moja tu. "Na watu watasemaje?"

Mimi nikadhani anaogopa kuchekwa. Nikamjibu, "Watasema Mama Kabula anaezeka bati."

Alitazama paa lake, ambalo mwanga ulikuwa unapita, akakubali.

Msimu wa kwanza ulikwenda vizuri mno. Mabingobingo yalishika, miti ikakua, na katikati nyasi za kuezekea zikaota ndefu na nene, zile ambazo mtu huzitafuta siku nzima porini asizipate. Nilipokuwa nateremka pale nilifurahi kama shamba ni langu. Niliwaleta hata wakubwa wangu wakapiga picha.

Msimu wa pili ulipokuwa unaisha, ndipo akaja tajiri wa samaki. Mnakumbuka, au mmesimuliwa, jinsi viwanda vya minofu ya sangara vilivyowasha moto miaka ile. Kila mwenye gari la barafu alikuwa anatafuta mwalo wake, mahali pa mitumbwi kutia nanga na samaki kupimwa. Huyu alizunguka pwani nzima ya kijiji, akapenda pale pale kwa Mama Kabula, kwa sababu maji ni ya kina na kuna njia ya gari. Akaahidi kuezeka darasa la shule. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mwenye maneno laini, akamjibu kwamba eneo lile halina tatizo, ni pori tangu mume wa yule mama afariki. Habari hizo alinipa mchuuzi wa dagaa tukiwa kwenye kivuko, naye alizisema kwa furaha, akidhani ni maendeleo. Mimi nilishika chuma cha kivuko kwa mikono miwili.

Nilikwenda kwa Mama Kabula moja kwa moja. Nilimkuta ameshasikia.

"Hicho ndicho watu wanachosema, Bwana Shamba," akaniambia. "Nilikuuliza."

Hakusema kwa hasira, na hilo likaniumiza zaidi. Kwa yule mama, shamba lile halikuwa suala la paa. Likienda, angebaki na kijipande cha mawe nyuma ya nyumba, aanze kuombaomba unga kwa watu akiwa na nguvu zake.

Nikarudi mjini kumwona Bi. Zainabu. Akaniambia bila kuzungusha, "Mabati yasahau. Mwambie alime kesho." Nikavuka tena, nikamwambia Mama Kabula alime hata matuta machache, mkaguzi nitajua la kumwambia, ingawa sikulijua na usingizi ulishanihama.

Akatikisa kichwa. "Nilime kiangazi hiki? Nikipiga jembe kwenye vumbi hata mtoto atajua naigiza."

Sasa kulikuwa na shida nyingine, na hii nayo nilikuwa nimeileta mimi na masharti yangu. Mvua za vuli zilikuwa zinakaribia, watu wanataka kutengeneza mapaa, na nyasi nzuri kuliko zote zilikuwa kwake. Karibu kila nyumba ilikuwa imekuja kumwomba. Kule nyasi za shamba la mtu huwezi kukata bila kumwomba mwenyewe, na mwenyewe kwa kawaida hatoi jibu baya. Yeye alikuwa amewanyima wote, kwa kuwa mimi nilimwambia panga lisiingie. Wakawa hawamsalimii kisimani. Walimwita mchoyo mbele yake.

Na ardhi ingeamuliwa na mkutano wa kijiji, kwa mikono ya watu hao hao.

"Mama," nikamsihi, "wape nyasi. Wape wote, leo. Mkutano uko karibu, wakikupenda watakutetea."

Alivuta uzi wa kanga yake mpaka ukakatika. Halafu akasema, "Hapana. Sasa ndiyo siwapi."

"Mama!"

"Umesema panga lisiingie, Bwana Shamba. Basi lisiingie."

Niliondoka nikinung'unika kwamba wazee wakishika jambo hawaliachii. Niwaondolee wasiwasi mmoja ili mbaki na mmoja kama mimi: mkaguzi alikuja kabla ya mkutano, akavuta miche, akaridhika, mabati yakaandikwa. Haikunipa raha hata chembe. Bati litaezeka nyumba, halitalisha mtu.

Mkutano ulifanyika ndani ya ghala la pamba la ushirika. Ghala lilikuwa tupu tangu wanunuzi binafsi waanze kununua shambani, limebaki na harufu ya mbegu na mzani mkubwa ambao wazee waliugeuza kiti. Baiskeli yangu niliiegemeza nje, nikaingia, nikakaa karibu na mlango. Mama Kabula alikuwa mbele peke yake, sakafuni, na pande zote mbili watu wameacha nafasi.

Mwenyekiti akaeleza vizuri sana. Kuna mgeni anataka kuleta maendeleo. Kuna eneo limekaa bila jembe. Mimi nikanyoosha mkono, nikasema eneo lile limepumzishwa kwa mpango wa serikali, na mwenye shamba anajulikana.

"Bwana Shamba," akanijibu kwa upole, "wewe unajua udongo. Nani ana udongo gani hapa kwetu, hilo tunajua sisi. Ulikuta pori, ukaliandika shamba. Hatukulaumu, wewe ni mgeni."

Watu wakaguna kukubali. Nikakaa.

Halafu akafanya jambo ambalo niliona ndilo la kummaliza kabisa. Akasema kabla ya kupiga kura, wananchi waseme wanavyoishi na mama huyu, kwa sababu ardhi hupewa mtu anayeishi na wenzake. Ilikuwa kama kufungua mfereji. Akasimama jirani wa juu, mwanamume mwenye sauti.

"Huyu mama ni mchoyo. Nilikwenda kwake nikamwomba nyasi kwa heshima zote. Akaninyima."

Mama Kabula akamgeukia. "Ulikuja kuniomba mimi?"

"Wewe. Mlangoni kwako."

"Nyasi za wapi?"

"Si hizo za chini, kule majini!"

"Asante, baba. Kaa."

Akasimama mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Naye aliomba, naye alinyimwa, mvua ikija watoto watalowa, na Mungu anaona. Mama Kabula akamwuliza maneno yale yale. Ulikuja kwangu? Nyasi za wapi? Asante, mayu, yaani mama, kaa. Akasimama wa tatu, akafuata mwingine, wakawa wanapokezana mpaka nikapoteza hesabu. Kila aliyesema nilimwona ananunua kura moja zaidi dhidi ya Mama Kabula, na yeye anawashukuru! Nilitaka kupiga kelele. Niliona kwamba uchungu umemchanganya akili, na aliyemletea haya yote ni mimi na bando langu la bati. Mwenyekiti alikuwa anatabasamu, anawapa watu nafasi, na alipoona wamepoa akaongeza chumvi yake mwenyewe.

"Hata mke wangu alinyimwa. Mimi, kiongozi wenu."

"Mkeo alikuja mwenyewe, au ulimtuma?" akauliza Mama Kabula.

"Nilimtuma mimi."

"Aje kuniomba."

"Aje kukuomba, ndiyo! Ukamrudisha mikono mitupu!"

Hapo Mama Kabula akasimama kwa mara ya kwanza. Alikuwa mfupi, na sauti yake haikuwa kubwa. "Mwenyekiti, kule mlimani kuna pori la kijiji. Mtu akitaka nyasi za kule, anamwomba nani?"

Mwenyekiti akafungua mdomo.

"Anamwomba nani?" akarudia.

Mzee mmoja aliyekaa juu ya mzani ndiye aliyejibu, akionekana anajibu kabla hajafikiri. "Haombwi mtu. Unakwenda na panga lako tu."

"Basi na kwangu mngekuja na mapanga yenu," akasema Mama Kabula. "Mmekuja kuomba. Kijiji kizima. Na mimi nikawanyima, na mkaondoka. Pori linamnyima mtu?"

Huko nyuma mtu mmoja akacheka, si kicheko kikubwa, kile cha puani, na mwingine akakidaka. Jirani wa juu akatazama miguu yake. Yule mzee wa kwenye mzani akapiga goti lake kwa kiganja, akasema, "Mwenyekiti, tumejifunga wenyewe. Shamba lina mwenyewe, na tumemtaja sote." Kura haikupigwa. Tajiri wa samaki alionyeshwa mahali pengine mbele kidogo, penye mawe, naye akapakubali kwa kununa.

Vijana, msije mkafanya kama mimi. Kabla hujamwambia mtu apumzishe ardhi, itisha mkutano kwanza, mpite mipaka pamoja na majirani wote, waseme kwa midomo yao shamba hili ni la nani, na waseme kwamba kulipumzisha si kuliacha. Baada ya siku ile sikumwandikisha mtu yeyote bila kufanya hivyo. Wenzangu ofisini walisema nachelewesha kazi. Niliwaacha waseme.

Watu walipotawanyika nilikwenda nje kumtafuta Mama Kabula nimpongeze. Sikumwona kwenye kundi. Nilimkuta nyuma ya ghala, ameegemea ukuta kwa kiganja, anatapika. Kanga ilikuwa imemlowa jasho mgongoni. Nikamshika bega.

"Mama, umeshinda! Ulijua tangu siku ile, kumbe! Ndiyo maana ukakataa kuwapa."

"Sikujua," akasema. Alipangusa mdomo kwanza. "Nilidhani tu. Niliogopa wataketi kimya. Kama yule wa kwanza angenionea huruma, Bwana Shamba, asiseme neno, na wengine wakamfuata, shamba langu lingekuwa la samaki sasa hivi."

"Lakini ungewapa nyasi, wangekutetea."

Akanitazama kama anavyotazamwa mgeni. "Mbele ya Mwenyekiti? Ningewapa, wangeinamisha vichwa tu. Niliwaudhi mimi ili waseme."

Kwa mbali watu walikuwa wamesimama makundi makundi njiani, na ili kufika kwake ilikuwa lazima apite katikati yao. Akajaribu hatua moja, miguu ikakataa. Akaniambia nilete baiskeli. Nikadhani anataka nimpakie, nikaanza kufuta kiti cha nyuma.

"Hapana," akasema. "Isukume tu, polepole. Nami nitashika hapa."

Akashika kiti cha nyuma kwa mkono wake wote, akaegemeza uzito wake pale, tukaondoka. Tulipofika kwa watu akanyoosha shingo. Wakamsalimia, akaitikia mmoja mmoja, na jirani wa juu akampisha njia. Wote walichoona ni mama mwenye shamba lake anamsindikiza mgeni. Mimi nilikuwa nasukuma kwa nguvu zangu zote, nimetazama mbele, nikiomba njia isiwe na shimo.